Aliyenunua Wimbo Eringeti Amenunua Nini?

Kando ya barabara ya taifa namba 4, pale Eringeti, mashariki mwa Kongo, ambapo malori ya mbao na ya magunia ya kakao husimama kungoja wenzao kabla ya kushika njia ya Oicha na Beni, kuna vibanda vya mbao vilivyowekwa paneli za jua juu ya bati, ambavyo mchana kutwa hutoa miziki miwili mitatu inayogombana, na ambavyo mgeni apitaye huvidhani kuwa ni vya kuchajia simu tu. Naam, simu huchajiwa humo, kila moja imefungiwa kijikaratasi chenye namba kama mzigo uliowekwa amana. Lakini yule aliyekaa nyuma ya meza, mbele ya kompyuta kuukuu ambayo nusu ya herufi zake zimekwisha futika kwa vidole, kazi yake iliyo kubwa ni nyingine. Yeye huuza nyimbo.

Nasema huuza kwa kuwa ndilo neno litumikalo pande zote mbili. Mteja hutoa kadi yake ya memori, kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, naye kijana huipuliza mara moja, kama mshoni apulizaye tundu la sindano, huichomeka, hutazama nafasi iliyobaki, kisha huuliza: “Papa, unapenda za zamani ao za sasa?” Nyimbo zimepangwa katika madosie kwa unadhifu ambao makarani wengi wa serikali wangeuonea wivu: rumba mbali, kwaya mbali, Bongo Fleva mbali, za Kinande mbali, na ndani ya dosie ya rumba kila mwimbaji ana chumba chake. Mteja huchagua moja moja. Au, ikiwa lori limekwisha piga honi, husema “Tia tu zenye ziko muzuri,” na hapo huhesabiwa kwa ukubwa wa kadi wala si kwa idadi ya nyimbo. Noti hupokelewa, chenji hurudishwa, na kila mmoja hushika njia yake moyo ukiwa safi, mmoja akijua kuwa ameuza na mwenziwe akijua kuwa amenunua.

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya kibanda kimojawapo nikingoja simu yangu ipate moto, na kando yangu alikuwako mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati, ambaye baada ya kupokea kadi yake alimgeukia kijana na kumwuliza, kwa ile namna ya walimu wanapotaka kweli kulijua jambo: “Sasa hizi nyimbo nimelipa, ni zangu. Nikizitia kwa simu ya mama watoto, na zingine nimutumie mudogo wangu kule Butembo, niko mwizi ao siko mwizi?” Kijana akacheka. “Mwalimu,” akasema, “kama weye uko mwizi, miye niko nani?” Benchi zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitafakari, nikaona ya kuwa katika maneno hayo mawili mas-ala yote ya hakimiliki yamo, na ya kuwa jibu la kijana, ingawa lilitolewa kwa mzaha, lilikuwa na fikihi zaidi kuliko swali la mwalimu.

Na tulishike kwanza swali. Sheria za hakimiliki, popote zilipotungwa, zimesimama juu ya tofauti moja ambayo akili ya sokoni huikataa, nayo ni tofauti kati ya kitu na kazi iliyomo ndani ya kitu. Anunuaye kitabu hununua karatasi, wino na jalada. Ana ruhusa ya kukisoma, kukiazimisha, kukiuza, hata kukichana na kufungia karanga akipenda, lakini yale maneno hakuyanunua, nayo yanabaki katika milki ya aliyeyatunga. Santuri nayo ilikuwa vivyo hivyo. Wakati Wagiriki wa nyumba ya Jeronimidis walipofungua studio yao ya Ngoma kule Léopoldville mwaka 1948, na mwimbaji Wendo Kolosoyi akatoa sauti ambayo ilisikika mpaka pwani, mnunuzi wa santuri alipewa kipande cheusi cha duara na haki ya kukizungusha, basi; na tofauti hii haikumsumbua mtu yeyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeweza kutengeneza santuri ya pili jikoni kwake. Kukataza jambo lisilowezekana hakuna gharama. Aliyetaka nyingine alirudi dukani, na aliyekosa fedha alikwenda kusikiliza kwa jirani.

Kilichovunja amani hiyo ni kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliidhihirisha mwaka 1963, na ambayo ilimpa mtu wa kawaida kiwanda kidogo cha kunakili ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo mataifa yalilazimika kujibu swali la mwalimu wetu, na kila moja lilijibu kwa tabia yake. Wajerumani, ambao walikwisha kushitakiana juu ya mashine za kurekodia tangu miaka ya 1950, waliandika katika sheria yao ya mwaka 1965 ya kwamba raia hafukuzwi mpaka chumbani kwake, anakili apendavyo kwa ajili ya nafsi yake, ila mtengenezaji wa mashine atalipa kitu kwa watungaji. Na Wafaransa wakafuata nyayo hizo katika sheria ya tarehe 3 Julai 1985, wakatoza kaseti tupu. Ni hila ya busara sana, nami sioni haya kuisifu: sheria inakiri kwamba haiwezi kusimama mlangoni mwa kila nyumba, basi inakwenda kusimama mlangoni mwa kiwanda.

Waingereza, kinyume chake, walifanya kichekesho. Kwa miaka mingi sheria yao ilikataza kabisa kunakili, hata diski uliyoinunua dukani kwa risiti kuitia katika simu yako mwenyewe, na mamilioni ya watu waliivunja kila siku bila kujua. Hatimaye serikali ikaona aibu, ikaruhusu nakala ya binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, lakini bila ya kuwafidia watungaji hata senti. Nao wanamuziki wakaenda mahakamani, na katika Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa ile kwa kuwa serikali haikuleta ushahidi wa kutosha kwamba watungaji hawadhuriki. Kwa hiyo, leo hii bwana mmoja wa London aliyenunua diski yake kwa halali, akainakili kwenye simu asikilize ndani ya treni, amekosa mbele ya sheria, ilhali Mganda aliye ng'ambo ya mpaka wetu hakukosa, kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006 imeyahesabu matumizi ya binafsi kuwa ni matumizi ya insafu. Na Mtanzania vilevile hakukosa, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1999 ilichota katika kile kielelezo cha sheria kilichoandikwa Tunis mwaka 1976 kwa ajili ya nchi changa, ambacho kilimwachia mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kwa halali, maadamu ni kwa matumizi yake mwenyewe.

Na sisi je? Hakimiliki iliingia katika nchi hii kwa amri ya Wabelgiji ya mwaka 1948, mwaka ule ule wa studio ya Ngoma. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Kongo ikajifunga tena kwa hiari yake katika Mkataba wa Berne, ule wa mataifa wa kulinda kazi za watungaji. Na tarehe 5 Aprili 1986, chini ya Mobutu, ikatiwa saini ile amri-sheria namba 86-033 ya kulinda haki za watungaji na haki jirani, ambayo ndiyo inayomlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tazama tarehe hiyo: miezi tisa tu baada ya sheria ya Wafaransa, katika kilele cha zama za kaseti. Mkataba wa Berne nao una mizani ambayo mtu yeyote anaweza kuishika mkononi: nchi ina ruhusa ya kuwaachia watu wake kunakili katika hali mahsusi, kwa sharti kwamba nakala hizo haziharibu biashara ya kawaida ya kazi yenyewe, wala hazimdhuru mtungaji kupita kiasi. Weka matendo ya mwalimu katika mizani hiyo. Simu ya mama watoto inapita bila shida, kwa sababu hapana nyumba duniani inayonunua wimbo mmoja mara mbili, mmoja wa baba na mwingine wa mama. Mdogo wa Butembo anapita kwa taabu, akiinamisha kichwa. Kijana wa kibanda hapiti.

Hapa msomaji atadhani kuwa shauri limekwisha, mwalimu yu huru na kijana ana hatia. Lakini ndipo hasa linapoanza, kwa kuwa mizani zote hizo, ya Tunis, ya Kampala, ya Paris, zimeficha sharti moja ambalo watungaji wake waliliona kuwa dhahiri mno kiasi cha kutolitilia mkazo, nalo ni kwamba ile nakala ya kwanza, mama wa nakala zote, ilitoka mahali pa halali. Walimwazia mtu aliyekwenda dukani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Kiholanzi iitwayo ACI Adam, ililitamka sharti hilo waziwazi katika Aprili 2014: ruhusa ya nakala ya binafsi haimfuniki aliyenakili kutoka chanzo kisicho halali, hata akiwa amejifungia chumbani peke yake. Mto haupandi juu kuliko chemchemi yake. Na chemchemi ya nyimbo za Eringeti ni ipi? Ni diski ngumu iliyoletwa kwa pikipiki kutoka Beni, ambayo ilijazwa kutoka diski nyingine ya Butembo, ambayo ilijazwa na mtu aliyezishusha nyimbo kwenye intaneti au aliyerudi nazo kutoka Kampala. Na katika mnyororo huo wote, pete kwa pete, hapana hata mmoja aliyekwenda kwa mwimbaji akamwambia, Bwana, nipe idhini, na chukua hiki.

Basi mwalimu alinunua nini? Hili ndilo swali ambalo tungalipaswa kuanza nalo, nasi tumeliruka. Wazee wa pwani walipojifunza sheria ya biashara walifundishwa kutofautisha bei na ijara: katika bei, kitu huhama kutoka milki hadi milki, katika ijara, mtu hukodisha mikono yake au mnyama wake, na mali haihami. Mwalimu alidhani amefanya bei, kumbe amefanya ijara. Alichokilipia ni taabu ya kijana: mafuta ya jenereta siku za mvua ambapo jua halitoshi, nauli ya kupeleka diski Beni na kuirudisha katika njia ambayo wakati mwingine haipitiki ila kwa msafara wa askari, macho yaliyochoka kwa kupanga madosie, na ujuzi wa kufahamu ni wimbo upi mtu wa makamo anautaka wakati hakumbuki jina lake wala la mwimbaji bali anapiga mluzi tu. Hiyo ni kazi, nayo inastahili ujira, na bei yake si ya dhuluma hata kidogo. Wimbo wenyewe haukuuzwa. Umebebwa tu, kama abiria aliyejificha chini ya turubai la lori ambalo kila mzigo mwingine umelipiwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema ya kuwa watu wetu hawana desturi ya kulipia muziki. Wanalipa. Wanalipa kila juma, kwa noti zilizokunjwa mara nne katika pindo la kitenge, na wengi wao wangeapa mbele ya padri kwamba hawajawahi kuchukua wimbo wa bure. Nia ya bei ipo, na fedha ipo; kinachokosekana ni njia ya fedha hiyo kufika kwa mwenyewe, na kosa la njia haliwezi kutwikwa kichwani mwa msafiri.

Nakiri ya kuwa katika muziki wa Kongo kunakili ni kongwe kuliko mashine. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana mpiga gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco, akamrekodi, na kipande chake kiitwacho Masanga kikatembea katika santuri mpaka Nairobi na Kampala na mbali zaidi. Na kila kilipofika, wapiga gitaa waliketi karibu na gramafoni, wakairudisha sindano mara mia, mpaka vidole vyao vikajua alichokuwa akikijua Mwenda. Ile nayo ilikuwa nakala, tena nakala ya gharama kubwa, iliyolipwa kwa malengelenge. Hapana aliyeita wizi, na sidhani kama mwenyewe angeita. Lakini Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili hiki chetu cha mashariki, alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka 1990, na kwa hesabu ya miaka 50 ya sheria yetu kazi zake zitakuwa chini ya ulinzi mpaka mwaka 2040. Kwa hiyo yule mwimbaji ambaye wimbo wake hupigwa mluzi kibandani Eringeti, ikiwa ni yeye, ana warithi walio hai kisheria, ilhali kijana humwuza katika dosie aliyoipa jina la “Zamani sana,” akidhani kuwa zamani ni kama msitu usio na mwenyewe.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika vitabu vya sheria, kwa sababu vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaolala mahali pamoja.

Eringeti si mji wa watu wanaolala mahali pamoja. Watu wa hapa wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Novemba 2015 vita viliingia katikati ya mji wenyewe hata hospitali haikuachwa, na tangu hapo hapana aliyehesabu tena ni mara ngapi njia ya Oicha ilijaa akina mama waliobeba magodoro kichwani. Mtu akimbiapo huchukua mtoto, sufuria, hati za shamba na simu. Nilimwona baba mmoja, mkulima wa kakao, aliyekuja kibandani si kununua wimbo wowote bali kutaka kadi yake inakiliwe mara mbili kamili, kila kilichomo, bila kuongeza wala kupunguza. Ndani yake mlikuwa na rumba kidogo, mahubiri, picha za mazishi, na nyimbo za kwaya ya kanisa lake, zilizorekodiwa kwa simu siku ya sikukuu, za sauti ya kukwaruza, ambamo katika mstari wa nyuma husikika sauti za watu wawili ambao hawapo tena. Nakala moja alisema ni ya dada yake aliyeko Oicha. Ya pili alisema ni ya mtoto wake anayesoma Butembo. Ile ya asili aliifunga katika kipande cha plastiki, akaiingiza ndani ya kopo la chumvi, akalifunga kopo. “Nyumba inaweza kuungua mara tatu,” akasema, “lakini haiwezi kuungua Oicha na Butembo na hapa siku moja.”

Mwanasheria yeyote wa Brussels angekubali kuwa kwaya ile ni ya wanakwaya, na kuwa baba yule, aliyekuwa mmoja wao, ana fungu lake. Lakini na rumba zilizokuwemo katika kadi ile ile? Je, kijana angeacha kunakili, aanze kupembua, hii ya haki, hii ya haramu, na lori linapiga honi? Mimi naona ya kuwa hapa ruhusa ya nakala ya binafsi, ambayo huko Ulaya ni suala la starehe, la mtu asiyetaka kuchukua diski zake katika gari, inakuwa ni karibu na haki ya mtu kuhifadhi kumbukumbu ya maisha yake. Na ikiwa kuna mahali duniani ambapo sheria ingepaswa kuiandika ruhusa hiyo kwa herufi kubwa, ni katika miji ya namna hii, ambamo kitu kisicho na nakala ni kitu kilichokwisha potea, bado siku yake tu.

Turudi kwa kijana, aliyeuliza yeye ni nani. Wako wanaotaka akamatwe, kompyuta yake ichukuliwe, na mfano ufanywe. Hao sijui kama wamepata kuona kompyuta iliyochukuliwa ikirudi kwa mwimbaji. Kukamata vibanda kungemnyima mwalimu nyimbo zake na kijana chakula chake, na mtungaji asingepata hata faranga moja, maana faini hazina desturi ya kutembelea watungaji. Shauri langu ni tofauti: mtu huyu ndiye duka pekee la muziki tulilo nalo kati ya Beni na Komanda, na duka halifungwi, linaandikishwa. Alipe ada ndogo ya mwaka, kama alipavyo mwenye baa au mwenye redio, apewe karatasi yenye muhuri ya kutundika ukutani, na aandike katika daftari, jambo ambalo kwa unadhifu wake lisingemshinda, ni nyimbo za nani zilizotoka zaidi.

Na pamoja na hayo, ile hila ya Wajerumani ifanyiwe kazi Kasindi, mpakani na Uganda. Kadi hizi hazioti msituni. Hutoka Guangzhou na Dubai, hupita Mombasa na Kampala, huvuka daraja la Mpondwe katika mizigo ya wafanyabiashara wa Butembo, ambao kwa ujasiri wa safari hawana mfano katika nchi hii, na lazima zipite forodhani, kwenye duane kama tusemavyo. Pale mlango ni mmoja, na vibanda ni maelfu. Burkina Faso, nayo si nchi tajiri, hutoza vitu vya kunakilia kwa ajili ya watungaji kupitia ofisi yake ya hakimiliki, BBDA, nayo fedha hiyo huwafikia. Kiasi kidogo juu ya kadi moja, ambacho mnunuzi hatakihisi, kingemwezesha mwalimu kunakili kwa simu ya mama watoto na kwa mdogo wa Butembo bila kumwuliza mtu yeyote kama yeye ni mwizi.

Ila sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba ugumu umekwisha pale, kwa kuwa kukusanya ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Nchi hii ilikuwa na shirika la haki za watungaji, SONECA, tangu mwaka 1969, na miaka nenda miaka rudi watungaji walinung'unika juu ya mgawo. Mwaka 2011 ikaidhinishwa SOCODA ishike mahali pake, ushirika wa watungaji wenyewe, ambao miongoni mwa waliowahi kuuongoza ni Verckys Kiamuangana Mateta, mpiga saksafoni aliyefariki mwaka 2022, mtu aliyeijua biashara ya santuri kwa pande zote mbili, ya mwimbaji na ya mwenye nyumba ya kurekodi. Makao ni Kinshasa. Kutoka Kinshasa mpaka Eringeti si mwendo wa barabara, ni mwendo wa ndege na maombi. Na mtu anayeimba kwa Kinande katika harusi za Butembo, ambaye wimbo wake umo katika kila kadi ya Eringeti lakini haukupata kupigwa hata mara moja katika redio ya Kinshasa, atahesabiwaje na karani anayegawa fedha kwa kusikiliza redio ya Kinshasa? Daftari la kijana wa kibanda, mgawo ukifuata daftari hilo, lingekuwa shahidi mwadilifu kuliko rejista nyingi. Kwa maana hiyo yeye, mvunja sheria, ndiye mtu pekee mwenye ilimu ambayo sheria inaihitaji.

Tena waimbaji wa kwetu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi waandishi. Mwimbaji kijana wa Beni akishamaliza wimbo wake mpya katika studio ya chumba kimoja iliyozibwa kwa magodoro, jambo la kwanza afanyalo ni kuupeleka mwenyewe kwa vibanda, bure, na mara nyingine akamwachia kijana faranga kidogo ili wimbo uwekwe juu ya dosie, uonekane upesi. Anayepaswa kulipwa ndiye anayelipa. Nimewauliza wawili watatu kwa nini, na jibu lao ni lile lile: wimbo usiobebwa haujulikani, na asiyejulikana haitwi harusini, na harusini ndiko kunakolipwa. Wao wameifanya nakala kuwa tangazo, wakaacha kuidai kama mali. Ni hesabu ya mtu aliyekwisha kata tamaa ya mlango wa mbele, akatafuta dirisha. Nami siwezi kumlaumu, ingawa siwezi pia kuiita hiari, kwa kuwa hiari huhitaji njia mbili, na huyu hakuwekewa ila moja. Kwaya zina hesabu nyingine: nyingi zinataka kunakiliwa, zinaomba kunakiliwa, kwa sababu zinahesabu roho wala hazihesabu faranga. Sheria iliyo njema ingewaachia hawa watoe bure kwa hiari yao, na wale wengine wauze kwa bei yao, na isingemlazimisha kijana kukisia ni yupi kati ya hao aliye katika kadi anayoijaza.

Jumamosi ile, simu yangu ilipopata moto, nami nikitaka kuondoka, niliona si adabu kukaa saa mbili juu ya benchi ya mtu bila kumpa kazi. Nikatoa kadi yangu, nikataja nyimbo kumi, zote za zamani. Kijana akaipuliza, akaichomeka, akahesabu kwa sauti ya chini mpaka kumi, nikampa noti yake. Alikuwa amekwisha kuichomoa nusu alipoirudisha tena.

“Papa,” akasema, “nafasi iko bado. Nikuongezee zingine mbili ya bure.”

Nikamwambia aongeze.